Faili Lililokuwa Likiinyima Diski Yangu Usingizi

Kompyuta yangu ya mezani ni ya zamani: RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 2 na diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika, juu yake Windows 10. Ilifika mahali taa ya diski ikawa haizimiki hata nikiwa sijagusa kitu, na ndani kunakwaruza mfululizo. Kufungua folda tu ilikuwa kazi ya kusubiri.

Wengi wangekimbilia kufomati. Mimi nilitaka kwanza kujua kama diski yenyewe inakufa, maana diski inayokufa haichokonolewi kabla data haijahamishwa. Basi nikanakili mafaili yangu kwenye diski ya nje, kisha nikasoma taarifa za SMART, yaani rekodi ambazo diski hujitunzia kuhusu afya yake, kwa programu ya CrystalDiskInfo. Niliangalia mistari miwili hasa: 05, sekta (vipande vidogo vya diski) mbovu ambazo diski imeshazibadilisha kwa za akiba, na C5, sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu na zinazosubiri kuamuliwa. Yote ilikuwa sifuri. Sifuri si dhamana kamili, lakini namba hizo zikianza kupanda, acha uchunguzi mwingine wote utafute diski mpya.

Hapo ndipo nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika resmon, zana ya Windows inayoonyesha nini kinatumia diski na RAM, nikafungua kichupo cha Disk. Juu kabisa lilisimama jina System, ambalo peke yake halikuambii lolote. Jibu liko kwenye safu ya mafaili. Nilipoipanga kuanzia lenye usomaji mkubwa, Windows.edb, ghala la faharasa ya utafutaji, lilipita kwa muda likatulia lenyewe. Lililobaki juu bila kushuka lilikuwa C:\pagefile.sys.

Faili hilo ndilo mfumo unalotumia RAM inapojaa: kurasa za kumbukumbu zisizotumika kwa sasa hupelekwa diskini, zikihitajika hurudishwa. Shida ni kasi. Kwa mizunguko 5,400, duru moja huchukua takriban milisekunde 11, na kabla ya hapo kichwa cha kusomea lazima kisogee hadi mahali panapohusika. RAM hujibu kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Ule mkwaruzo ulikuwa kichwa kikikimbizwa huku na huko kutafuta vipande vidogo vidogo.

Nikahamia kichupo cha Memory, safu ya Hard Faults/sec, inayoonyesha kila programu inalazimika mara ngapi kwa sekunde kufuata data diskini kwa kuwa haimo kwenye RAM. Kivinjari kiliongoza kwa mbali: tabo zilizoachwa wazi zilikuwa zinajisasisha hata dirisha likiwa limefichwa. Nilizifunga, nikaondoa viongezo nisivyovitumia, na programu zinazojiwasha pamoja na mfumo nikazipunguza. Nafuu ilionekana, ila haikutosha, kwa hiyo nikaongeza RAM hadi GB 4. Angalia aina kabla ya kununua: DDR2 na DDR3 haziingiliani, mkato wa kila moja uko mahali pake, usilazimishe. Baada ya hapo usomaji wa pagefile.sys ulishuka hadi kuonekana mara mojamoja tu.

Kuna wanaoshauri kulizima faili hilo kabisa. Sikubaliani nao, hasa kwa mashine zenye RAM ndogo. RAM ikijaa na hakuna pa kuhamishia, programu hufungwa ghafla na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Langu nimeliachia mfumo ujipangie ukubwa wenyewe.