Siku moja wodini: yule mtoto mwenye vipele

Saa 12:45 asubuhi. Wenzangu wa zamu ya usiku wananikabidhi wodi: wagonjwa 11 wa saratani ya damu, wote wako kwenye kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani. Wanne nutrofili zao, chembe nyeupe za damu zinazopigana na maambukizi, zimeshuka chini ya 500. Hao nawaanza wao, mikono ikiwa imeshanawa.

Saa 2. Kijana wa kitanda cha tatu ana joto la 38.4. Alitetemeka tangu alfajiri akanyamaza, eti asinisumbue. Jamani, homa ya mgonjwa wa kemo haisubiri kukuche! Iwe ya bakteria au ya kirusi, ndani ya saa moja damu iwe imeenda maabara na antibayotiki iko mshipani.

Saa 4. Mzee wa limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, anaanza dawa ya rituksimabu kesho. Kipimo kinaonyesha aliwahi kuambukizwa homa ya ini B zamani. "Mbona siumwi, binti yangu?" Namweleza kwamba kirusi kimejificha kwenye ini, na dawa hii inapunguza chembe zinazokizuia. Kikiamka, ini linaweza kushindwa kabisa. Kwa hiyo anaanza tenofovia, dawa ya kuzuia kirusi hicho, leo, na ataimeza zaidi ya mwaka mmoja baada ya matibabu kuisha. Kipimo hiki kisirukwe kwa mtu yeyote.

Saa 7 mchana, wageni. Bibi mmoja kaja na chupa ya uji na mjukuu wa miaka minne. Watoto hawaruhusiwi, ila getini walimhurumia. Nilipofika, mtoto alikuwa mapajani mwa mama yake, mgonjwa wa lukemia (saratani ya chembe za damu), kichwa kifuani. Ukosi ulipoteleza nikaona shingoni vipele vitatu, kimoja kimejaa maji meupe kama tone la umande. Tetekuwanga.

Nikawatoa nje taratibu. Bibi akalia: "Wiki mbili anamlilia mama yake, sista." Ningemlaumu nini? Nikamuuliza kama binti yake aliwahi kuugua tetekuwanga utotoni. Hakuwahi.

Daktari akaja mbio. Mama akahamishiwa chumba cha peke yake na kuandikiwa asaiklovia, dawa ya kuzuia kirusi cha tetekuwanga, ianze siku ya 7 tangu amkumbatie mtoto. Wenzake watatu wa chumbani nao tukawahoji mmoja mmoja kama waliwahi kuugua tetekuwanga. Kwa mtoto mwenye kinga nzuri ya mwili, ugonjwa huu kwa kawaida ni wiki ya kujikuna. Kwa mama huyu unaweza kushuka mapafuni.

Saa 12:30 jioni nakabidhi. Kwenye faili lake nimeandika kwa wino mwekundu tarehe ya leo na siku 21 za mbele, muda ambao ugonjwa unaweza kujitokeza. Mlangoni ananiita. "Sista, nani anampaka mwanangu dawa?"

"Bibi yake."

"Mwambie amkate kucha."