Jinsi nilivyoacha kununua GB katikati ya mwezi

Kwetu Tabata intaneti ya nyumbani ilikuwa ya ruta ya 4G, ile ya kuchomeka laini ndani na kuiweka dirishani panaposhika mtandao. Kifurushi kilikuwa cha mwezi, na tangazo lake lilisema "bila kikomo" kwa herufi kubwa. Kikomo kilikuwepo, ila kwa herufi ndogo: ukimaliza GB ulizopangiwa, kasi inashushwa mpaka 1 Mbps (megabiti moja kwa sekunde) hadi mwezi uishe. Hukatiwi kabisa. WhatsApp ya maandishi inapita, video inazunguka tu.

Basi ikifika tarehe ishirini na kitu tunaanza kuungaunga. Huyu anawasha hotspoti ya simu yake, yule ananunua bando la siku. Ukijumlisha hayo mabando ya siku unakuta yanakimbilia bei ya kifurushi cha mwezi chenyewe.

Kila mtu nyumbani alikuwa na mshitakiwa wake. Mke wangu alisema ni mpira wangu wa wikiendi. Mimi nilimtazama kijana wa kidato cha tatu na magemu yake. Shangazi, aliyekuja mjini kutibiwa, akalaumiwa kwa tamthilia za Kituruki. Nikaona kabla ya kupandisha kifurushi au kuhama kampuni, tujue kwanza GB zinaliwa na nani.

Nilifungua ukurasa wa ruta kwenye kompyuta. Anwani yake, 192.168.8.1 kwa ruta yangu, imeandikwa kwenye stika chini ya ruta pamoja na nywila. Kilichonichekesha ni sehemu ya ujumbe. Laini imo ndani ya ruta, kwa hiyo zile SMS za "umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako" zilikuwa zinaingia humo mwezi hadi mwezi, zimejipanga, hakuna aliyezisoma. Wengi wenye ruta za laini wana SMS hizo na hawajui.

Nikaenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Simu zinajulikana kwa majina, lakini palikuwa na kifaa kimoja cha herufi na namba tu. Nikazima kimoja kimoja hadi nikakipata: kamera ya getini. Fundi aliyeifunga aliiacha irekodi saa 24 na kupandisha video yote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hesabu yake haihitaji utaalamu. Baiti moja ni biti 8, na siku ina sekunde 86,400. Kamera inayopandisha kwa 1 Mbps inakula GB 10.8 kwa siku, zaidi ya GB 320 kwa mwezi. Shangazi alikuwa mbali sana na hapo, maana tamthilia kwa ubora wa kawaida huchukua kama GB 1 kwa saa, na kwa HD hufika GB 3. Halafu tukishashushwa hadi 1 Mbps, kamera hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa inaimeza karibu kasi yote iliyobaki, sisi tunagombania makombo.

Nikanunua memori kadi ya GB 64, nikaiweka ndani ya kamera, nikaipanga irekodi pale tu kitu kinapopita. Siku hizi paka wa jirani ndiye nyota wake. Kwenye simu nikaacha programu zijisasishe usiku, na kwenye TV nikashusha video hadi 480p. TV yenyewe ni ya inchi 32, hakuna aliyegundua. Mwezi uliofuata tukafika tarehe ya mwisho na GB zimebaki.

Lakini bado niliihama ruta hiyo, kwa sababu nyingine. Ruta ilikuwa nzuri asubuhi, ikifika saa mbili usiku mtaa mzima uko mtandaoni na mnara ni mmoja. Nina vikao vya kazi na watu wa nje saa hizo hizo. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa ameshafungiwa faiba, yaani intaneti inayokuja kwa waya hadi nyumbani, nikamwomba nikapime kasi kwake saa mbili usiku, siyo saa nne asubuhi anayopenda kijana wa mauzo wa faiba. Kijana huyo nilimuuliza kitu kimoja tu: kuna kiasi cha matumizi ambacho nikikivuka kasi inashuka, na inashuka hadi ngapi? Nikaomba jibu kwa SMS. Faiba ya 20 Mbps ilikuwa nafuu kuliko nilichokuwa nalipa.

Kufunga kulichukua mchana mmoja, na sehemu kubwa ya mchana huo tulikuwa tunamsubiri mwenye nyumba akubali ukuta utobolewe. Fundi alivuta waya kutoka nguzoni, akanionyesha asivyoukunja kwenye kona. "Mzee, ndani humu ni kioo. Ukiukunja kama waya wa umeme, taa nyekundu inawaka na utaniita tena."

Ruta ya zamani sikuizima siku hiyo. Niliacha mwezi wake uishe huku faiba ikipimwa, na mpaka leo laini iko humo na kifurushi kidogo cha wiki ninachonunua kazi ikibana. Kiboksi cha faiba kinataka umeme, kwa hiyo nimekiwekea betri ndogo ya volti 12. Ruta ya akiba inasaidia waya wa mtaani ukikatwa na greda la barabara. Haikusaidia Mei 2024, pale mikongo ya intaneti ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipokatika karibu na Afrika Kusini: faiba na laini zote zilizorota pamoja, kwa kuwa huko mbele zinapita njia ile ile.