Siku moja maishani mwangu: watoto 6, bembea moja na namba 311

Saa 11 na nusu alfajiri

Alamu inalia, nazima, inalia tena. Niko Texas mwaka wa tisa huu, kazi yangu ni kulea watoto wa watu hapa hapa nyumbani, dayakea ndogo yenye leseni, watoto 6 na wote hawajafika miaka mitano. Kwanza nabandika chai ya tangawizi maana bila chai mimi si mtu, ndo nashika simu, na cha kwanza kuangalia wala sio WhatsApp, ni ripoti yangu ya 311 kuhusu bembea mbovu ya uwanja wa watoto. Imeandikwa imefungwa, yaani kwao kazi imeisha. Mara ya pili hiyo, na bembea jana jioni nimepita nimeiona iko vile vile.

Kwa msiojua, 311 ni namba ya kuwaambia watu wa jiji mambo yasiyo ya dharura, sijui shimo barabarani, taa imezimika, takataka hazijazolewa. Ilianzia Baltimore mwaka 1996, watu walikuwa wanaijaza 911, namba ya dharura, kwa simu za paka na majirani, basi wakatenganisha na miji mingine ikaiga. Siku hizi ni app, unapiga picha unatuma. Sisi kule Temeke bembea yetu ilikuwa kamba kwenye mwembe, ikikatika unaanguka, unachapwa kwa kuanguka, kesi imeisha.

Saa 1 asubuhi

Wazazi wanashusha. Mmoja katoka shifti ya usiku anasinzia huku anaongea, wawili wanawahi ghalani. Kuna katoto kaja na kofia nzuri ya jua ina kamba ya kufunga kidevuni, nimeivua nikamrudishia mama yake, samahani dada, uwanjani haingii. Kamba ikinasa juu ya mteremko, ule wa watoto kutelezea, mtoto ananing'inia shingo. Hata helmeti ya baiskeli mtoto anavuliwa kabla hajapanda, watu wengi hawajui hili, wanaona helmeti ni ulinzi kumbe pale mwili unapita kwenye nafasi halafu kichwa chenye helmeti kinabaki.

Saa 2 na nusu

Twende uwanjani kabla jua halijawa kali, Agosti ya huku sio mchezo. Watoto wote wanashika kamba moja wanatembea kama kumbikumbi. Tukifika nawakalisha kivulini wale ndizi, mimi nazunguka dakika tano, na ukiniona utasema huyu mama kapoteza hereni.

Kwanza mgongo wa mkono kwenye mteremko na kwenye ile sakafu ya raba nyeusi. Watu wanadhani ni bati tu ndo linaunguza, hapana, plastiki na raba vinaunguza pia, na ngozi ya mtoto ni laini, na mtoto mdogo akiungua hakimbii, anasimama pale pale analia. Pili naingiza fimbo kwenye vile vipande vya mbao vilivyomwagwa chini ili mtoto akianguka asiumie sana. Serikali kuu ina tume ya usalama wa bidhaa, CPSC, na wana kitabu cha viwanja vya watoto, bure mtandaoni, wanasema vipande vya mbao viwe na kina cha inchi 9, yaani kama sentimita 23. Chini ya bembea zetu miguu imeshavifukuza vyote, fimbo imeingia inchi 2 ikagonga udongo mgumu kama saruji. Na kitabu hicho hicho kinasema wanaopelekwa emajensi kwa ajali za viwanja hivi ni zaidi ya 200,000 kwa mwaka, na kubwa kuliko zote ni kuanguka. Kwahiyo mimi nikiona udongo mtupu sioni udongo, naona mkono uliovunjika.

Tatu nafasi za ngazi na vizuizi. Nina kipande cha boksi nimekikata mwenyewe, upande mmoja inchi 3 na nusu upande mwingine 9. Nafasi ikiwa katikati ya hapo, mtoto anaweza kutanguliza miguu, kiwiliwili kikapita, kichwa kikakwama.

Halafu sasa bembea yenyewe. Mnyororo unashikwa juu na ndoano ya umbo la S, inatakiwa ibanwe mpaka senti 10 ya Marekani, ile ndogo, isipite kwenye uwazi. Ya kwetu, bembea ya tatu kutoka kwenye mti, inapita senti 10 na kidole changu. Nimeifunga na skafu yangu watoto wasipande, wakalia, nikawavumilia.

Ripoti ya kwanza niliandika "bembea mbovu naomba mrekebishe", basi. Uwanja una bembea 8, fundi kaja, kazisukuma mbili tatu, kaona zinaenda, kafunga. Ya pili niliweka pini ya ramani vibaya ikaangukia upande wa pili wa fensi ambako ni eneo la shule, jiji wakasema sio yetu, wakafunga. Nilikasirika lakini nusu ya kosa ni langu, fundi hawezi kuota.

Kuna bibi mmoja Mkongomani huwa anamleta mjukuu wake, kanikuta juu ya benchi napiga picha ndoano na senti 10 nimeishikilia pembeni. "Mama, unatafuta nini uko juu?" Nikamweleza. Akasema na yeye aliiona ila Kiingereza hana. Nikamwambia bibi, piga, waambie neno moja tu, Swahili, hapa kwetu wanakuwekea mkalimani. Akapiga pale pale spika imewashwa, mkalimani anaongea Kiswahili cha taarifa ya habari, "tafadhali bainisha kasoro husika", bibi kanigeukia, "anasema nini huyu?" Ikabidi nimkalimanie mkalimani.

Saa 7 mchana

Wamelala wote, muujiza. Naandika ripoti ya tatu. Bembea ya tatu kuanzia kwenye mti mkubwa, ndoano ya juu mkono wa kushoto, imefunguka inapitisha senti 10, picha ya karibu, picha ya mbali, mtoto anaweza kuanguka leo. Vipande vya mbao nimevifungulia ripoti nyingine peke yake, maana ukichanganya mambo mawili wanafanya lile jepesi wanafunga yote.

Saa 9 alasiri

Nabadilisha pampasi, simu inaita. Jamaa wa viwanja, mpole tu, anauliza "ni ile yenye skafu?" Ndiyo baba, ni hiyo. Akasema mbao zinasubiri mzigo na bajeti ila ndoano mtu anakuja leo. Sikuamini sana.

Saa 12 jioni

Wazazi wanachukua. Mama mmoja ananiuliza si uwapeleke uwanja mwingine tu? Wa karibu ni dakika 15 kwa gari na mimi kwenye gari nina viti vya watoto viwili tu. Nikacheka tu.

Saa 1 na nusu usiku

Jua bado lipo, nimerudi na mume wangu kuangalia. Bembea ya tatu hawajaitengeneza, wameing'oa, minyororo wameizungusha juu kwenye bomba, na skafu yangu imekunjwa vizuri juu ya benchi. App inasema imefungwa. Sawa, kwa usalama hapo sina neno, ila kesho saa 2 na nusu kuna mtu wa miaka mitatu ambaye bembea yake ni ya tatu, hapandi nyingine, na mimi ndo wa kumweleza.