Sarafu ya simba na darasa langu la Gredi ya 8

Mwambie mtoto kwamba uwezekano wa sarafu kuangukia upande mmoja ni nusu, atakubali papo hapo na kuandika daftarini. Kinachomsumbua ni pale anapoirusha mwenyewe na nusu yenyewe haionekani. Hapo ndipo huwa naanzia somo, hapa Kisumu ninakofundisha hisabati.

Wanafunzi walikaa wawili wawili, kila jozi na sarafu yake ya shilingi kumi, ile ya simba. Sarafu zilizotolewa 2018 hazina sura ya rais, zina mnyama upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili, kwa hivyo kwetu ni "simba" au "nembo". (Walimu wenzangu bado wanasema kichwa na mkia. Shauri yao.) Kila jozi ikarusha mara 10 na kuandika matokeo ubaoni.

Jozi moja ya nyuma ikapata simba 8. Kelele! "Mwalimu, hiyo sarafu yao ni mbovu," mvulana mmoja akasema, tena kwa uhakika wa fundi. Sikumbishia. Niliwaambia wabadilishane sarafu. Ile "mbovu" ikatoa simba 4 mikononi mwa mshtaki mwenyewe, na waliocheka zaidi ni wale wa nyuma.

Ndipo nikaleta hesabu. Ukirusha mara 10, kuna mifuatano 1,024 inayoweza kutokea, na 352 kati yake ina upande mmoja uliotokea mara 7 au zaidi. Hiyo ni kama thuluthi moja. Darasa lenye jozi nyingi likikosa hata jozi moja ya namna hiyo, hapo ndipo ningeshuku kuna aliyebuni matokeo.

Tulijumlisha jozi moja baada ya nyingine, na baada ya kila jozi wakapiga asilimia ya simba kwa jumla yote na kuweka nukta kwenye karatasi ya grafu. Ningekushauri usiwachoree. Mtoto anapovuta mstari kwa mkono wake, anausikia ukiruka juu chini mwanzoni, kisha ukitulia karibu na 50 kadiri marusho yanavyoongezeka.

Msichana mmoja akautazama mstari wake akasema, "Kwa hivyo simba wakizidi, nembo lazima zije kulipa deni." Nilikuwa nikilisubiri wazo hilo, kwa sababu ndilo wanalolisikia kwa kaka zao wanaobeti: timu imepoteza mara tatu, leo lazima ishinde. Sarafu haikumbuki chochote. Nikawapa kisa cha John Kerrich, mwanahisabati aliyefundisha Afrika Kusini, ambaye Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta Denmark akazuiliwa kambini. Huko alirusha sarafu mara 10,000 na kupata vichwa 5,067. Yaani vichwa viliizidi mikia kwa 134. Deni halikulipwa! Lakini ni asilimia 50.67. Wakabishana kama 134 ni nyingi au chache, mpaka nikawauliza: na kama angerusha mara 200 tu, pengo likawa hilo hilo? Wakapiga hesabu: 167 kwa 33. Ni kama kijiko cha chumvi, kwenye kikombe cha uji hakinyweki, kwenye pipa la maji hukisikii.

Mmoja akauliza kama ndiyo maana haifai kuitangaza Gor Mahia bingwa baada ya mechi mbili. Nikamwambia hilo akalizungumze nyumbani kwao.

Kipindi kilichofuata tulitumia vifuniko vya soda, na navipenda kuliko sarafu, kwa sababu hakuna anayejua jibu mapema, hata mimi. Tandika leso juu ya dawati, la sivyo darasa la jirani litalalamika. Kila kundi lilikadiria uwezekano wa kifuniko kuangukia upande mmoja baada ya marusho 10, likakadiria tena baada ya 50, kisha 200. Makadirio ya kwanza yalitofautiana vibaya. Ya 200 yalikaribiana, isipokuwa kundi moja. Tukakagua vifuniko vyao: vingi vilikuwa vimepindwa na kifungulio. Wengine wakataka matokeo hayo yajumlishwe tu, maana si nimesema wingi ndio unaosaidia? Tukabishana mpaka kengele. Sasa tuna makopo mawili, la vilivyonyooka na la vilivyopinda, na kila kopo lina jedwali lake.