Siku moja na farasi 11, na mmoja wao anajua kufungua milango

Watu wakiskia mi ni saisi huuliza vitu viwili tu. Kwanza saisi ni nini (mtu wa kutunza farasi, hakuna siri hapo), halafu kama nimewahi kupigwa teke. Ndio, mara tatu, na ile mbaya zaidi ilikuwa ya poni ambaye kimo chake ananifika kifuani. Sasa nikaona badala ya kujibu kila mtu niandike tu siku moja yote vile ilienda, hii ni Jumamosi iliyopita, huku Lang'ata tuko na farasi 11, na nimeichagua kwa sababu ilianza vibaya na kosa lilikuwa langu.

Saa 11 kasorobo alfajiri

Kawaida naamshwa na Bi Mkubwa. Huyo ni jike wa miaka 22, akiskia tu kitasa changu anaanza kugonga mlango wake na ukwato, ko, ko, ko, mpaka apate chakula. Jumamosi hakugonga. Nikasimama hapo nje na gambuti mkononi nikaskiza, kimya, nikajua kuna kitu.

Nikawasha tochi ya simu. Mlango wa Mheshimiwa uko wazi. Hiyo peke yake si habari, Mheshimiwa hufungua komeo na mdomo wa juu, wale ambao hawajafanya kazi na farasi hawajui lakini ule mdomo hushika vitu karibu kama kidole, anainua komeo, anavuta kando, anatoka. Ndo maana kila mlango tuliuwekea klipu, ile ya nyororo ya mbwa, hiyo haiwezi. Nikaangalia klipu. Haijavunjika, inaning'inia tu hapo. Yaani haikufungwa. Na aliyefunga milango Ijumaa jioni ni mimi, nilikuwa kwa simu na wife tukibishana juu ya gesi.

Kitu cha ajabu na Mheshimiwa ni kwamba hata hali hicho chakula. Yeye anapenda kufungua tu. Alifungua kwake, akafungua kwa jirani yake Tumbo (klipu ya huko pia nilikuwa nimesahau, wacha niseme yote), wakaenda stoo akafungua na huko, halafu akaenda zake kusimama katikati ya uwanja anaangalia giza. Aliyekuwa ndani ya stoo ni Tumbo. Kichwa chote kiko ndani ya gunia la shayiri na pumba, masikio yamelegea pembeni, ana amani kama mtu ako harusini.

Mtu anaweza cheka lakini mi magoti yaliisha nguvu. Farasi hawezi kutapika. Pale chakula kinapoingilia tumboni kumekaza sana, kinaingia tu, kurudi hakirudi. Akila nafaka nyingi mara moja inachacha huko ndani, tumbo linajaa hewa, na hata akipona tumbo shida inaweza kuteremka kwa miguu, kwato zinapata moto ndani hadi anashindwa kukanyaga. Farasi mkubwa hivyo, kilo 500, anaweza kufa kwa sababu ya uchu wa saa moja. Nikainua gunia, nikakadiria ameshukisha kilo kama 8. Nikapigia daktari hata kabla ya kumtoa.

Saa 12 na nusu

Daktari alikuja na jaketi juu ya nguo za kulala, hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi. Akapitisha mpira mrefu kwa pua ya Tumbo, polepole, anangoja ameze, kwa sababu ukikosea njia ukaenda kwa mapafu umemuua wewe mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa na kumwongelesha. Tukamwaga mafuta yale meupe hayana harufu, lita 4, yalainishe kila kitu huko ndani. Halafu akaniachia maagizo: asile kitu, atembezwe kidogo kidogo, miguu ya mbele ikae kwa barafu, na kila baada ya nusu saa niweke sikio kwa ubavu.

"Na usimpe chakula mpaka anye," akasema. "Akinya nitumie picha."

Barafu ilitoka kwa duka la vinywaji hapo barabarani, kijana wetu mdogo alienda na boda akarudi na magunia mawili yanadondosha maji mgongoni mwa mwenye boda, sijui walielewana aje. Tumbo tulimweka miguu kwa ndoo mbili. Akainamisha kichwa, akaonja, akajaribu kula barafu.

Saa 2 asubuhi

Wale wengine 10 hawajui kama kuna mgonjwa, wanataka kula. Nyasi kwanza, halafu pumba, wazee wanaongezewa molasi kidogo. Kutoa mavi wilbaro 9. Maji, farasi mmoja anaweza kumaliza lita 30 au 40 kwa siku, kukiwa na joto hata zaidi, na sisi bomba letu mnajua tu vile bomba za Nairobi zilivyo, kwa hivyo kuna jerikeni.

Kupeleka malishoni kuna protokali. Bi Mkubwa ndo hutoka wa kwanza. Siku moja nilitoa poni mbele yake kwa sababu nilikuwa na haraka, akavunja ubao wa mlango. Hana nguvu tena, meno yameisha, lakini akisogeza sikio moja tu nyuma wale wengine wote wanampisha kwa maji. Anayebaki nyuma kabisa huwa ni Chapo.

Nikarudi kwa Tumbo, nikaweka sikio. Kwa farasi mzima, upande wa kulia juu kuna sauti kama choo kikivutwa, inakuja hivi kama mara moja kwa dakika. Nilingoja dakika tatu. Kitu kidogo sana, kama mtu anaburuta kiti nyumba ya tatu.

Saa 4

Chapo. Hapa acha nikae kidogo kwa sababu ndo sehemu ya kazi ninayoipenda.

Chapo alikuwa wa mbio, kule uwanja wa Ngong, ana miaka 7 sasa, mbio zimemshinda ndo akaletwa kwetu ajifunze kubeba watu wa kawaida. Watu hudhani farasi wa mbio ni mkali. Hapana, ni vile amefundishwa vitu vyake na amevishika vizuri sana. Mpanda farasi wa mbio hurushwa juu farasi akiwa anatembea, kwa hivyo Chapo hajui kitu inaitwa kusimama ukipandwa. Tena ukivuta hatamu yeye anaegemea hiyo lijamu (chuma cha mdomoni) na kukaza mwendo, kwa sababu huko alikotoka hatamu ikikaza maana yake twende. Mteja akiogopa anavuta, akivuta Chapo anaenda, akienda mteja anavuta zaidi. Umeona sasa.

Kwa hivyo wiki tatu zote tumefanya kazi na stuli tu, ile ya mbao ya ngazi tatu unayokanyaga ukipanda. Namleta kando yake. Akisimama, kamba inalegea sekunde hiyo hiyo, na narudi nyuma hatua mbili. Akisogea simvuti wala simkaripii, tunazunguka duara ndogo tunarudi palepale. Ukichelewa kulegeza hata kidogo, yeye tayari amefikiria kitu kingine na hicho ndo umemfundisha. Mzee aliyenifunza hii kazi alikuwa ananiambia, "Kijana, farasi hataki sukari yako, anataka uondoke hapo," na mi nilidhani ananitusi.

Jumamosi nikapanda ngazi ya kwanza, sawa. Ya pili, mguu wa nyuma wa kushoto ukasogea, tukazunguka. Tena. Tena. Halafu upepo ukaleta karatasi ya mkate, ile ya kufungia, ikatambaa kwa mchanga shhhh, na Chapo akaruka pembeni mita mbili nzima na macho meupe. Sasa niambieni, juala zilipigwa marufuku Kenya 2017, huyu amezaliwa baada ya hapo, ni nani alimwambia juala zinakula farasi? Ngiri wakipita hapa kwa ua na watoto wao hata hawaangalii.

Nikaokota karatasi nikaiweka mfukoni. Tukatembea. Nikangoja shingo ishuke, akalamba midomo, akapepesa macho, akapiga ile pumzi ndefu ya puani. Nikarudi kwa stuli, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkono kwa tandiko, nikalala na tumbo juu yake kama gunia, kimya, mguu ukavuka, nikakaa. Sikio moja likanigeukia. Nikahesabu moja mpaka tano. Hakusogea hata ukwato! Nikashuka nikamvua tandiko.

Kijana wetu akasema, "Bro, si umuendeshe sasa kama amekubali?" Nikamwambia zii, leo darasa limeisha. Akanitazama kama mtu amepewa pesa akarudisha.

Saa 7 mchana

Githeri. Tumbo amelala chini mara moja, nikatupa sahani, kumbe alikuwa anapumzika tu, hakubingiria, hakujiangalia ubavu. Nilimwinua tukatembea. Barafu imeisha, boda ikaenda tena.

Saa 9

Watoto wa Jumamosi. Hapa sina mengi, ni kelele na kofia ngumu. Ndimu, ndo yule poni wa teke, hujaza hewa kifuani ukimfunga mshipi wa tumbo, unafikiri umekaza, mkienda hatua kumi anaitoa hiyo hewa, tandiko inazunguka na mtoto. Dawa yake ni kufunga, kumtembeza, kufunga tena. Kila mwalimu mpya tunamwambia na kila mwalimu mpya anadhani yeye hatachezwa. Mtoto mmoja alikaa chini kwa mchanga taratibu, hakuumia, akauliza kama anaweza rudia.

Saa 11 jioni

Hii saa hatucheki. Lazima wote wawe ndani kabla jua kuzama kwa sababu ya visubi, vile viinzi vidogo huwezi hata kuviona vizuri, ndo vinaeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Tunachanja kila mwaka na bado hatuachi farasi nje usiku, nimeona mmoja akiondoka nao, povu kwa pua, asubuhi alikuwa mzima jioni hayuko, na sitaki kuona tena. Pundamilia wa huko mbugani wanaweza kuwa nao kwa damu na hata hawaumwi. Sisi mbuga iko hapo nyuma ya ua tu.

Bi Mkubwa wa kwanza, Chapo wa mwisho. Nikafunga komeo, nikafunga klipu. Nikarudi nikavuta kila klipu na mkono, zote 11, halafu stoo, na Mheshimiwa ametoa kichwa ananifuata na macho, anasoma.

Saa 3 usiku

Wife alinipigia, nikamwambia sitoki hapa bado. Akauliza nangoja nini. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo akasema kuna wanaume hupigiwa simu wako baa.

Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo nje ya mlango wa Tumbo na blanketi. Kwato baridi, nilizishika zote nne, hiyo ni nzuri. Sauti za tumbo zimeongezeka, sasa hata bila kuweka sikio naziskia. Na njaa, alikuwa ananigonga bega na pua kila dakika kama mimi ndo nimekula hilo gunia. Nilianza kusinzia.

Halafu mkia ukainuka.

Nilisimama haraka hadi ndoo ikaanguka. Madonge matano, yanang'aa mafuta kwa tochi, laini vile daktari alitaka. Nikapiga picha, ya kwanza ikatoka na giza, nikapiga ingine na taa, nikatuma WhatsApp. Saa hiyo hiyo nikaona anaandika.

"Safi sana. Mpe nyasi kidogo, konzi mbili tu. Na ufunge stoo."