Nilivyokula vizuri Dodoma bila kuwa na mwenyeji

Kazi yangu hunipeleka Dodoma kufuatilia mambo wizarani, na kule sina ndugu wala rafiki wa kunipokea. Mtu wa Tanga ukimtoa kwenye wali wa nazi na samaki ukampeleka mji usio na bahari, swali lake la kwanza ni atakula nini. Nililichukulia swali hilo kwa uzito wote. Naamini aliyekaa wiki nzima mahali akila chipsi kuku peke yake, mahali hapo hajafika.

Shida ni namna tunavyouliza. Ukimwuliza mtu wa mapokezi, "Wapi kuna mgahawa mzuri?", atakutazama viatu na mkoba, akupime, kisha akuelekeze anakodhani watu wa aina yako hula. Utafika penye feni, televisheni na menyu ndefu. Chakula chake si kibaya, ila ungekipata hivyo hivyo Morogoro au Moshi. Kwa hiyo niliacha kuuliza mahali, nikawa nauliza chakula.

Ili uulize chakula lazima ujue ardhi inatoa nini. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, na mara nyingine huwa haba. Ndiyo maana Wagogo wameshikilia uwele na mtama, nafaka zinazovumilia ukame ambao mahindi huushindwa. Mboga za majani hazipatikani mwaka mzima, basi huchumwa wakati wa mvua, zikaanikwa na kuhifadhiwa, na mlenda unapikwa hata kiangazi kikali. Karanga zipo, alizeti ipo, mbuzi na ng'ombe wapo, na kuku wa kienyeji wanashuka kutoka Singida. Nilipokwisha kuyapanga hayo kichwani, nilikuwa na orodha ya maswali.

Swali la kwanza nilimpelekea kijana wa bajaji. "Kaka, nataka ugali wa uwele na mlenda. Nani anaupika kama wa nyumbani?"

Akazima injini. "Dada, wewe Mgogo?"

"Hapana, mimi wa Tanga."

Akamwita mwenzake wa bajaji ya nyuma, naye akaja na wa tatu, wakaanza kubishana. Mmoja anasema mama wa karibu na Soko la Majengo, mwingine anasema huyo siku hizi anazidisha magadi, bora yule wa Sabasaba. Mimi nilisimama nikisikiliza kwa furaha, kwa sababu ubishi wa namna hiyo ndio ushahidi ninaoutaka. Watu hawabishanii chakula kisichowagusa. Nikatoka pale na wapishi wawili, na sifa za kila mmoja, na kasoro zake.

Ila angalia unamwuliza nani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, na Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kimeleta vijana wa mikoa yote tangu 2007. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya laki saba katika jiji hili. Maana yake ni kwamba unayemwuliza huenda naye ni mgeni kama wewe, amefika juzi kwa uhamisho na hula pale anapokula kwa kuwa ni karibu na ofisi. Mimi kwanza huuliza, "Umekaa hapa siku nyingi?" Akijibu amezaliwa Chamwino au Mvumi, hapo namkazania.

Nilianza na yule mama wa Majengo. Banda lake lina meza chache na mabenchi, majiko ya mkaa yamepangwa nyuma, na ndoo ya maji ya kunawa yenye koki iko mlangoni pamoja na sabuni. Hivyo vya maji na sabuni huvitazama kabla ya kukaa. Kisha natazama sufuria. Chakula kinachokaa motoni na kupakuliwa kikifuka moshi hakijawahi kunisumbua tumbo. Kilichopoa kwenye beseni lililofunikwa kitambaa nakipita, hata kiwe kinanukia vipi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Wali au ugali?"

"Nimeambiwa una mlenda."

Akanitazama tena, akafunua sufuria. Ulikuwa mlenda mkavu, uliotwangwa, umepikwa na karanga, rangi yake ya kijani iliyofifia. Mlenda mzuri unavutika ukiinua tonge lakini hauteleziki ovyo, na magadi yake hayasikiki mdomoni. Yakizidi, unabaki na ladha kama ya sabuni. Huu haukuwa na dalili hiyo. Ugali wa uwele ulikuja wa kijivu, mzito, na kaharufu kake ka nafaka iliyosagwa karibuni. Unapaswa kuliwa wa moto, kwa sababu ukipoa unakuwa mgumu na utamu wake hupungua. Sisi wa pwani tumezoea ugali uwe msindikizaji wa mboga, usiwe na la kusema. Huu una ladha yake, na nilijikuta namega tonge tupu kabla sijachovya.

Siku hiyo ndipo nilipogundua njia iliyonibeba safari zote zilizofuata: mpishi mzuri anawajua wapishi wenzake. Nilimwuliza yule mama, "Mama, wewe ukitaka kula kuku, unakwenda wapi?" Hakufikiri hata kidogo. Akanitajia Chako ni Chako, jina ambalo kila mtu wa Dodoma atakutajia ukisema kuku, na akanitajia pia jirani yake mmoja anayechoma jioni kando ya barabara, asiye na kibao chochote.

Kuku wa kienyeji ana kipimo chake. Anataka muda. Ukiagiza na akaletwa upesi, huyo alikwisha kuchemshwa tangu mchana, anapashwa tu. Yule jirani alinionyesha kuku, akaniambia nirudi baada ya kuswali Isha. Nilirudi, akawa bado anamgeuza. Nyama ilikuwa ngumu kiasi kinachotakiwa, ya kutafuna, chumvi na ndimu tu, na pilipili pembeni. Nikamwuliza na yeye: mbuzi je? Akajibu, "Subiri Jumamosi, dada. Nenda Msalato."

Msalato iko nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Kondoa na Arusha, na kwenye mnada wake wa Jumamosi wafugaji huleta mifugo, wachuuzi nguo na vyombo, na moshi wa nyama unauona kabla hujashuka kwenye gari. Hapa unachagua nyama ikiwa mbichi, inapimwa kwa kilo mbele yako, kisha inakwenda motoni. Mimi hupendelea mbavu zenye mafuta kidogo, na humwambia mchomaji asikate vipande vidogo mapema maana hukauka. Ukifika saa nne asubuhi unapata uchaguzi mzuri. Ukisubiri alasiri, walioamka mapema wamekwisha kuchukua sehemu nzuri, na foleni kwenye moto ni ndefu. Nyama ilikatwa juu ya gogo, ikawekwa kwenye sinia na chumvi pembeni, ugali, kachumbari. Watu nisiowafahamu walinikaribisha kwenye benchi lao, tukanawa, tukala, tukazungumzia bei ya mbuzi na mvua. Kwa nyama, sijala mahali pazuri kuliko hapo katika Tanzania nzima niliyotembea.

Siku za kazi mambo ni tofauti, maana Mtumba, ulipo Mji wa Serikali, si jirani na katikati ya mji. Kule nilijifunza kuwauliza madereva. Dereva wa gari la ofisi anasubiri bosi kila mahali, amekula Manyoni, Kibaigwa, Gairo, na hana muda wa chakula kibovu. Mmoja anayekwenda Iringa mara kwa mara ndiye aliyeniambia habari za samaki wa Mtera, bwawa lililopo mpakani mwa Dodoma na Iringa kwenye mto Ruaha Mkuu, lililojengwa kuhifadhi maji ya kuzalisha umeme. Perege wake huletwa mjini, na kwa mtu wa pwani aliyekaa siku kadhaa bila samaki hiyo ilikuwa habari kubwa. Alinifundisha nimwulize mama lishe samaki wameingia lini, kisha nitazame mwenyewe macho na mashavu ya samaki. Wale wabichi hukaangwa kwa mafuta ya alizeti, na harufu ya alizeti ya kukamuliwa hapahapa huipa ngozi ya samaki utamu ambao mafuta ya kwetu hayana. Nalisema hili nikijua watu wa nyumbani watanilaumu.

Saa nazo zina uzito. Supu ni ya asubuhi, ikifika saa nne bakuli lina mchuzi mwingi kuliko nyama. Mchana watumishi wakiachiwa saa saba, mabenchi hujaa mara moja, hivyo mimi hutangulia kidogo. Bunge la Bajeti likiwa linaendelea, Aprili hadi Juni, mji hufurika, vyumba vya kulala hupatikana kwa shida na wapishi wazuri humaliza sufuria mapema. Miezi hiyo huwa namwambia mama asubuhi aniwekee sahani.

Zabibu zinataka ratiba yake. Mavuno ni mawili kwa mwaka, kama Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Nikipangiwa safari katika miezi hiyo huwa sibishi.

Kilichobaki ni njugu mawe. Zinalimwa sana mkoa ule, lakini kwenye mabanda sijaziona. Nilimwuliza mama wa Majengo sababu. "Zinachelewa kuiva, mwanangu, zitanimalizia mkaa. Tunapika nyumbani." Kisha akafikiri kidogo, akasema nikimpigia siku moja kabla ataziloweka usiku na kunipikia na karanga. Safari ijayo ni mwezi huu mwishoni, na simu nimeshapiga.