Udi Uliotumikia Shairi

Lamu, baada ya isha.

Wiki hii nimekuwa nikisikiliza kanda za mwimbaji Zein l'Abdin, na kila ninapoziweka hunijia wazo lile lile: kwamba mtu huyu, ambaye wapenzi wa udi wa pwani, ile ala ya nyuzi, humhesabu miongoni mwa mafundi wakubwa, aliijenga kazi yake zaidi harusini kuliko mahali pengine popote. Alizaliwa hapa Lamu mwaka 1939, akahamia Mombasa, na huko ndiko alikopata jina. Kanda nyingi zilizoifikisha sauti yake majumbani mwetu zilirekodiwa papo hapo, katikati ya shughuli, watu wakiwa na furaha zao. Ni kweli kwamba mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa albamu yake iitwayo Mtindo wa Mombasa, na wageni wakamjua. Lakini kufikia hapo alikuwa amekwisha kuiva, na waliomwivisha ni wenyeji waliokuwa wakimtuza, au wakimwacha bila kumtuza, usiku baada ya usiku.

Anayejifunza udi, kama mimi, huelewa upesi ugumu wa jambo hilo. Shingo la udi halina alama yoyote ya kumwonyesha mpigaji pa kuweka kidole. Nyuzi kwa kawaida ni 11, tano zikiwa jozi na mmoja wa besi ukiwa peke yake, na katika maqam ya Bayati, mmoja wa mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, sauti ya pili hukaa kati ya funguo mbili za kinanda, mahali ambapo sikio tu ndilo linalokuongoza. Kidole kikisogea kidogo mno, wimbo mzima huchacha. Huku kwetu kisiwani kuna shida nyingine pia: hewa ina unyevu mwingi, ubao huvuta maji, na udi uliotengenezwa sauti vizuri mchana huwa umekwisha kulegea au kukaza ifikapo usiku. Mpigaji wa harusi hufanya marekebisho hayo mbele za watu, risha ya kupigia nyuzi mkononi, bila kuwachosha.

Sehemu ninayoirudia zaidi ni taksimu zake, yaani ule upigaji wa peke yake, usiofuata mdundo, unaotangulia wimbo. Nikimlinganisha na Munir Bashir, yule fundi wa Iraki aliyezaliwa Mosul mwaka 1930, naona njia mbili tofauti kabisa. Bashir aliupeleka udi kwenye kumbi za Ulaya ukiwa peke yake, bila mwimbaji, na akaweza kuifanya taksimu moja kuwa safari ndefu inayojitosheleza. Namheshimu sana kwa hilo. Taksimu ya Zein ni fupi. Inafungua maqam, inaizungukia mara chache, inaonja sauti ya juu, kisha inateremka na kusimama pale pale ambapo sauti ya mtu itaanzia. Kwa muda mrefu nilidhani ufupi huo ulitokana na haraka ya harusi, lakini sasa naamini ulitokana na heshima: alijua kwamba watu walikuja kusikiliza maneno.

Na maneno aliyatafuta kwa bidii isiyo ya kawaida. Alifanya kazi na marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mwana wa Lamu na bingwa wa ushairi, katika kuzifufua tungo za kale za kaskazini ambazo zilikuwa zikielekea kusahaulika. Mtu anayeimba shairi la mizani 16 kwa kila mshororo hana budi kujua kipande cha kwanza kinapumzika wapi, kina cha kati kinaangukia sauti gani, na udi uitikie lini bila kuifunika silabi ya mwisho. Msikilize Zein mahali anapomaliza mshororo: udi hungoja kina kitamkwe chote, ndipo ujibu. Wapigaji wengi wazuri hawana subira hiyo.

Mwalimu wangu, mzee wa Langoni, hunikumbusha jambo hili kila ninapojitia kasi ya vidole. "Mwanangu, sikiza maneno kwanza," huniambia, kisha huushika udi wangu na kuuweka kando, tukasoma ubeti kwa sauti mpaka aridhike.

Kinachonisikitisha ni kwamba katika harusi ninazohudhuria siku hizi mara nyingi hupigwa kinanda cha umeme au muziki wa kwenye simu, na sijui kijana anayeanza leo ataipata wapi miaka ile ya kupiga mbele ya watu wanaoyajua mashairi na wasioona haya kukaa kimya ubeti unapowachosha. Mazoezi ya chumbani hayawezi kuchukua nafasi yake. Tamasha la utamaduni la hapa Lamu ni jambo jema, lakini huja mara moja kwa mwaka, ilhali mpigaji anahitaji kusikilizwa wiki kwa wiki. Nimemwomba mwalimu tuwe tukikaa barazani kwake kila Alhamisi baada ya alasiri, majirani waje wenye kutaka, nasi tupige tungo za kale na kuwaachia wazee nafasi ya kutusahihisha. Amekubali, kwa sharti kwamba nije na beti nilizozihifadhi moyoni, bila karatasi.